Kabla hujashika dawa ya mchwa kwenye boti, soma kwanza ule unga

Hii naandika kwa ajili ya mnaoanza, wewe uliyepata boti yako ya kwanza ya tanga juzi juzi au uko mbioni kununua, maana kila nikiona mtu anauliza dawa gani inaua mchwa kwenye boti, ndani ya dakika mbili ashatajiwa dawa tano na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ameona nini. Mimi nakuuliza hivo kwanza. Umeona nini? Unga, punje, mbawa, vitobo, udongo? Kila kimoja kina mwenyewe, na ukimkosea mwenyewe utapoteza hela, muda, na pengine mlingoti.

Boti yangu mwili wake ni faibaglasi, na mimi kama wengi nilidhani faibaglasi hailiwi kwahiyo mambo ya mchwa ni ya watu wenye vyombo vya mbao. Sasa hebu shuka chini ufungue makabati uhesabu. Viambaza vinavyogawa vyumba ni plaiwudi, sakafu plaiwudi, vitanda, ngazi, mbao zilizofichwa chini ya injini, hata sitaha yenyewe, yaani ile sakafu ya juu ya boti, mara nyingi katikati imejazwa mbao nyepesi ya balsa ikafunikwa faibaglasi juu na chini. Na kwenye boti nyingi vile vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti vimefungwa kwa bolti kwenye kiambaza cha plaiwudi. Yaani mlingoti wako unategemea ubao ambao huenda hujawahi kuuangalia upande wa nyuma.

Miezi kama minne nilikuwa nafagia kitu kama mchanga chini ya kitanda cha mbele. Nikajua ni mchanga tu, watu wanapanda na miguu ya ufukweni. Siku moja tuko baharini wimbi likatupiga ubavuni, nikashika ukingo wa kiambaza nisianguke, kidole gumba kikazama ndani ya mbao hadi kwenye kiungo. Rangi ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, ila chini yake hakuna kitu, imebaki ngozi nyembamba kama karatasi, na nilipochomoa kidole ule "mchanga" ukaanza kumwagika, ukatiririka mpaka ukanijaa kiganjani. Hapo ndo nikaelewa nilichokuwa nafagia. Pale kidole kilipozama na bolti ya kwanza ya mlingoti palikuwa na umbali wa shubiri moja tu.

Basi tuanze na huo unga. Chukua kidogo uweke kwenye karatasi nyeupe, piga picha na simu kwa karibu sana au tumia lenzi. Kama ni punje punje ngumu, kila moja haifiki milimita moja au inaikaribia, ndefu kidogo kama punje ya nafaka, ina bavu sita na ncha za mviringo, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Huyu ndo anayependa boti kuliko wote kwasababu hahitaji udongo wala maji, anaishi ndani ya ubao huohuo anaokula, maji anayohitaji anayapata humohumo, na vinyesi anavisukuma nje kupitia kitobo kidogo afu anakiziba. Rangi ya punje isikusumbue, haikwambii ni za zamani au za leo.

Kama ni unga laini kabisa, ukiusugua kati ya vidole unateleza kama poda, na juu yake kuna vitobo vya duara vya milimita moja hadi mbili, huyo sio mchwa, huyo ni dumuzi, mdudu wa jamii ya mbawakawa. Mtoto wake ndo anayebungua mbao ndani kwa ndani, akikomaa anatoboa anatoka, kwahiyo kitobo unachokiona ni mlango wa kutokea sio wa kuingilia. Anapenda sehemu laini ya nje ya mbao ngumu, ile yenye wanga, na mianzi pia. Jike hawezi kutaga kwenye mbao iliyopakwa vanishi vizuri, anatafuta mbao iliyo wazi, ndio maana utamkuta nyuma ya makabati na chini ya vitanda ambako fundi hakuona sababu ya kupaka.

Ukiona vijia vya udongo au kitu kama karatasi iliyotafunwa imegandamana kwenye kona yenye unyevu, hao ni mchwa wa ardhini. Najua utasema ardhi iko wapi kwenye boti. Wakipata sehemu inayovuja maji ya mvua kila siku wanaweza kuweka makao humo bila kugusa nchi kavu, na wanakula kwa kasi kuliko wale wa mbao kavu. Na kama unachoona ni vipande vikubwa kama vya randa vimechanganyika na miguu na vichwa vya wadudu, hao ni sisimizi wakubwa, wao hawali mbao wanachimba tu nyumba, na wanachimba palipoanza kuoza, kwahiyo hapo tatizo lako la kwanza ni uvujaji. (Wale wanaotoboa mbao upande wa nje, chini ya maji, wanaoitwa minyoo ya meli, sio wadudu kabisa, ni jamii ya chaza, na hakuna kitu kwenye maelezo haya kitakachokusaidia nao.)

Sasa swali ambalo wageni wengi wanalipita: wako hai au walishakufa? Boti inatikisika muda wote, injini inanguruma, kwahiyo vinyesi vya miaka iliyopita vinaweza kuendelea kudondoka hata kama kundi lote lilishakufa. Nilichofundishwa na fundi mzee ni hiki, na ndo nafanya mpaka leo: fyonza unga wote, ziba kila kitobo kwa kipande kidogo cha selotepu, bandika karatasi nyeupe chini yake uandike tarehe. Rudi baada ya wiki mbili, rudi tena baada ya mwezi. Selotepu ikitobolewa au kitobo kipya kikafunguka pembeni, wako hai. Usiku kukiwa kimya weka sikio kwenye ubao ugonge kidogo, askari wa mchwa wakishtuka wanagonga vichwa na unaweza kusikia mchakacho mdogo mkavu.

Afu utafute wamefika wapi. Gonga kila ubao kwa mpini wa bisibisi, ubao mzima unajibu sauti kali, ulioliwa unajibu sauti ya boksi tupu. Mulika tochi kwa upande, sio usoni mwa ubao, hapo mabonde na malengelenge ya rangi yanaonekana. Kila unapokuta tupu weka alama ya chaki. Mimi nilianza na alama moja nikamaliza na kumi na saba, maana mchwa haheshimu maungio, akimaliza ubao huu anapita kwenye ule unaogusana nao.

Sasa ndo tuongelee dawa, na hapa naomba usome taratibu. Spreyi ya kopo ya kuua wadudu ukipulizia juu ya ubao umepoteza hela, wao wako ndani. Yale makopo yanayotoa moshi wa dawa chumba kizima nayo hayaingii ndani ya mbao, na kwenye boti ni hatari zaidi kwasababu mvuke wa vimiminika vinavyowaka ni mzito kuliko hewa, unashuka hadi kwenye ngama kule chini kabisa maji yanakojikusanya, na huko ndo kuna pampu na waya. Cheche moja tu. Tafadhali usifanye hivo.

Kama wameshika kipande kimoja kinachofunguka, mlango wa kabati, droo, ubao wa kitanda, kitoe nje kizima kizima, usije ukakitibu humo ndani. Kama ni sehemu ndogo isiyotoka, unatoboa kwa drili nyembamba mpaka ukutane na njia zao kisha unaingiza dawa ya povu au ya unga kwa sindano, inafanya kazi ila ni pale tu ulipowafikia, kundi la pili usilolijua litabaki.

Boreti, yaani chumvi za boroni, mimi naipenda sana ila watu wanaitumia vibaya. Lazima mbao iwe uchi, ukipaka juu ya vanishi hainyonyi. Kwangua, piga msasa, paka mara mbili, acha ikauke vizuri kabisa ndo urudishie vanishi. Na inayeyuka kwenye maji, kwahiyo sehemu inayoloana kila siku itaoshwa yote kama hujaifunika.

Joto nalo linaua. Kwa mbao za kufungashia mizigo ya kimataifa kanuni inayoitwa ISPM 15 inataka nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, na joto hilo lipimwe katikati ya mbao sio hewani. Tabu ya boti ni kwamba ikiwa majini, bahari inanyonya joto, chumba kinaungua lakini mbao inayogusa mwili wa boti bado baridi na mchwa wanahamia hukohuko. Na epoksi (ile gundi ngumu ya kuchanganya) nyingi zilizokaushwa kwa hewa ya kawaida zinaanza kulainika kwenye nyuzi hamsini na kitu, bado betri, vifaa vya umeme, fataki za dharura, boya la kuokolea. Kama ni joto basi boti itolewe majini na hivyo vyote vitoke.

Wakishasambaa kama kwangu inabaki gesi. Boti inafunikwa turubai nzima na kujazwa salfurili floraidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu pia, ndio maana wanatanguliza gesi nyingine ya kuwasha macho iwe onyo. Hii ni kazi ya wenye leseni tu. Chakula na dawa zako zote zitoke, makabati na vifuniko vyote vya sakafu viachwe wazi gesi ipenye, na usilale humo mpaka wapime kwa kifaa waseme hewa ni salama. Hakikisha pia boti haivuji, kwasababu muda wote huo hakuna atakayeruhusiwa kupanda kuangalia pampu.

Na hapa ndo ule unga unarudi. Waliokuja kwangu mara ya kwanza hawakuniuliza ni mdudu gani, nami sikujua kumbe natakiwa kusema. Wakapiga dozi ya mchwa. Mchwa walikufa kweli, ila nyuma ya kabati la jikoni kulikuwa na dumuzi pia, na mayai ya dumuzi yanahitaji dozi kubwa mara kadhaa kuliko ile ya mchwa. Mayai ya mchwa hata yakisalimika, vitoto vinakufa kwa kukosa wa kuvilisha, lakini kitoto cha dumuzi kinajitegemea tangu siku ya kwanza. Miezi kadhaa baadaye vitobo vipya. Nililia, sioni haya kusema. Gesi pia haiachi kinga yoyote, ikishatoka mbao iko kama mwanzo, mdudu mpya anaweza kuingia siku hiyohiyo.

Usijaze epoksi kwenye mashimo kabla hujawa na hakika wamekufa, na kiambaza kinachoshika nyaya za mlingoti kikiliwa hakijazwi, kinabadilishwa, unalegeza nyaya kwanza ndo unafungua bolti. Mpaka hapo usitweke tanga hata kama upepo ni mzuri kiasi gani.

Kuhusu kuwazuia, sina mengi. Ziba uvujaji wa sitaha. Kagua kila ubao na fanicha ya zamani kabla haijapanda. Msimu wa kumbikumbi, jioni na usiku, zima taa au weka nyavu madirishani, maana wanafuata mwanga. Na waambie majirani zako wa gatini, sio aibu. Kule Dania Beach, Florida, mwaka 2001 waligundua mchwa wageni wa miti wametapakaa karibu na maegesho ya boti, na inaaminika waliletwa na boti.

Kumbikumbi wakikuangukia ndani, okota mbawa na wadudu wenyewe uweke kwenye kichupa chenye spiriti. Ukibahatika kupata askari mmoja ni bora zaidi, mtaalamu anamtambua kwa kichwa. Askari wa aina moja ya mchwa wa mbao kavu ana kichwa kifupi cheusi kama kizibo, na ndo anachokitumia kuziba kitobo adui asiingie. Mimi nilimpata wangu akiwa bado amekwama mlangoni.