Binti anasoma kitabu cha watoto kuuana

SWALI: Shangazi shikamoo. Binti yangu yuko fomu tuu hapa Masasi, kaazima The Hunger Games, nimechungulia nakuta watoto wanauana, nimnyang'anye?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukimnyang'anya atakisomea chooni. Hicho cha Suzanne Collins kimetoka 2008, watoto 24 toka wilaya 12 wanatupwa uwanjani wauane abaki mmoja, na wa mji mkuu wanakodolea TV kama mechi vile wakati wilayani watu wanalala njaa, sasa hapo anayesutwa ni serikali na huyo mtazamaji, damu haisifiwi. Collins mwenyewe alisema wazo lilimjia akibadilisha chaneli, huku shindano la vijana, huku vita ya Iraki. Muulize binti, kale katoto Rue kalipouawa uwanjani, kwa nini Katniss, yule msichana mhusika mkuu, alikapamba maua? Kama binti ana mdogo wake wa darasa la nne, huyo ndo asubiri.