Kabla hujanunua kiwanja Bagamoyo, nenda usiku ukahesabu taa

Juzi Jumanne nimepata meseji kutoka kwa mdada mmoja anayenisoma siku nyingi, amepanga vyumba viwili Mbagala, yeye na mume wake wamedunduliza mpaka wamefikisha milioni tisa. Kaandika hivi: "Dada shikamoo, kuna kiwanja Zinga kwa ndani, dalali anasema tuwahi maana bandari inarudi na bei itapanda mara tatu kabla mwaka haujaisha, tulipe au tusubiri?" Nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Nikauacha mchicha nikakaa chini, maana maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, niliambiwa mimi mwaka 2014.

Wengine mlikuwa wadogo kwa hiyo ngoja niwakumbushe hali ilivyokuwa. Machi 2013 Rais wa China Xi Jinping alikuja Dar es Salaam, ikasainiwa mikataba kibao na mmojawapo ni wa kujenga bandari kubwa Bagamoyo, upande wa Mbegani, pamoja na eneo maalum la uchumi. Wachina na Waomani ndio watie hela, na zikatajwa dola bilioni 10. Rais wetu wakati ule, Kikwete, ni mtu wa huku huku, sasa nani angebisha? Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mpaka unaingia Bagamoyo mjini, kila mkorosho wa barabarani ulikuwa umepigiliwa kibao cha kiwanja kinauzwa na namba ya simu. Jumamosi watu wanatoka Dar na magari yao wanaonyeshwa pori, wanatoa hela, wanaondoka, hata jina la kitongoji hawalijui.

Sisi tulikuwa tumepanga Sinza. Baba watoto alikuwa na kazi yake ya kawaida tu na mimi nauza vitenge, na dalali alikuwa ananipigia mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku kabla sijalala, dada kuna mzee anataka kuwahi, dada kesho hakitakuwepo, dada miaka miwili tu hii itakuwa mara tano. Tukakopa SACCOS, chama chetu cha kuweka na kukopa, tukaongezea na mtaji wangu wa vitenge, milioni nane, nusu eka. Mauziano tuliandikishana chini ya mkorosho, kwenye karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku, na nakumbuka mpaka leo ule mstari wa mipaka: "upande wa mashariki hadi kwenye mnazi uliopinda." Ndivyo tulivyoandika, na mimi nikasaini, na shahidi akasaini, muhuri ukagongwa. Hakuna bikoni, yale mawe ya zege ya mpaka yenye namba, hakuna ramani, mnazi. Nilirudi na daladala ya Makumbusho nimeiweka ile karatasi kifuani ndani ya nguo, sikutaka hata kuiweka kwenye pochi.

Oktoba 2015 jiwe la msingi la bandari likawekwa na sisi tukafurahi kama tumeshatajirika. Januari 2016, serikali mpya, mradi ukasimamishwa. Baadaye, 2019, Rais Magufuli akaja kusema hadharani kwamba masharti ya ule mkataba hayakubaliki, lakini huku bei zilikuwa zimeshalala zamani, watu walijua mapema kuliko magazeti.

Sasa hapa ndipo panaponiuma mpaka leo na ndio maana naandika. Mwaka 2017 mama yangu aliumwa, tukahitaji hela ya haraka, nikasema si nina kiwanja, nitauza. Nikampigia dalali wangu, yule wa mara tatu kwa siku. Hapokei. Nikampigia na namba ya jirani, akapokea, aliposikia sauti yangu akasema yuko msibani atanipigia, hakunipigia. Nikazunguka mwenyewe kwa madalali wengine na karatasi yangu, mtu wa juu kabisa aliniambia milioni nne na nusu kwa nusu eka yote, na hiyo nayo akitaka kulipa kwa awamu tatu. Milioni nane yetu, na riba ya SACCOS tulishailipa yote. Sikuuza. Mama tukamtibu kwa michango ya ndugu, na kaka yangu mkubwa siku ya kikao cha familia akasema mbele ya watu wote kwamba mimi nimezika hela ya matibabu ya mama porini. Mama alipona, mshukuru Mungu, lakini lile neno halijanitoka.

Na haikuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka huo huo tunafika kufyeka tunakuta mnazi uliopinda haupo, umekatwa, hata kisiki kimechimbwa, jirani wa mashariki amesogea na mihogo yake hatua kumi na moja ndani kwetu. Kabla hatujamaliza hilo anatokea mama mmoja mtu mzima, mpole kweli, anasema yeye ni dada wa aliyetuuzia, shamba lilikuwa la baba yao, mzee alishafariki na mirathi haijawahi kufunguliwa, na hakuna aliyemtuma kaka yake auze. Na alikuwa anasema kweli. Nilimuangalia usoni nikaona huyu hana shida na mimi, ana shida na kaka yake, ila kaka yake hela ameshakula.

Habari za baraza la kata na vikao siwachoshi, ni miezi saba ya kwenda na kurudi. Ilibidi wafungue mirathi mahakama ya mwanzo, akateuliwa msimamizi, tukaandikishana upya na tukamuongeza yule mama milioni moja na laki mbili kwa roho safi, na safari hii tulikuja na mpima mwenye leseni. Siku anaweka zile bikoni nilichuchumaa pembeni nikaangalia zege linavyokauka, ile namba ameichora kwa msumari kabla halijakauka, nikaisoma kwa sauti mara mbili. Kale kajiwe kafupi hakafiki hata gotini, lakini kamenipa usingizi kuliko karatasi yote ya muhuri.

Baada ya hapo tukaamua kujenga, maana kuuza imeshindikana na kodi ya Sinza inapanda. Chumba, sebule, choo cha nje. 2019 tukahamia. Usiku wa kwanza nilitoka barazani saa mbili nikahesabu taa zinazoonekana toka kwangu. Tatu. Moja ni ya mlinzi wa pagale la tajiri mmoja wa Dar, moja ni kibatari. Nililia, sifichi.

Ila ndio nikaanza kujifunza bei ya kiwanja inatoka wapi. Mwaka uliofuata taa kumi na moja. Nguzo za umeme zikaingia mpaka kwa mama ntilie, mmoja akafungua duka, bodaboda wakaweka kijiwe pale tunapoingilia, wakati mwanzo nilikuwa natembea dakika arobaini na ndoo kichwani. Maji ya bomba yalichelewa, na hili lilikuwa linaniudhi sana kwa sababu maji ya Dar yanatoka huku huku mtambo wa Ruvu Chini yanapita na bomba kubwa kuelekea mjini, sisi tunanunua boza. Yalipofika mabomba ya mtaani, ndani ya miezi sita nikahesabu misingi tisa mipya. Hakuna bandari hapo. Kuna mwalimu, kuna fundi gereji wa Bunju, kuna nesi, kuna vijana wawili wanaoshona nguo Kariakoo, watu waliochoka kodi kama mimi.

Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo ya bandari ya Bagamoyo yanafufuliwa. Mnajua nani alinipigia wiki ile? Dalali wangu. Baada ya miaka minne. "Dada unauza?" Nikakata simu.

Mwezi uliopita tumeuza robo eka, ile nusu ya nyuma, milioni kumi na nne. Kimepimwa, mirathi imekaa sawa, mume na mke tumesaini wote wawili mbele ya wakili. Mnunuzi alikuja mara moja mchana na mara moja usiku, akalipa. Nimelipa ada ya mtoto wa kwanza chuo na nimepaua vyumba viwili vilivyobaki, na ndio, kaka yangu nimemwalika aje ale ubwabwa kwangu. Amekuja.

Lakini pigeni hesabu na mimi kabla hamjanipongeza. Ile robo ilinigharimu milioni nne mwaka 2014, weka na nyongeza ya yule mama, upimaji, nauli za vikao, riba, inakaribia saba. Kumi na nne kwa miaka kumi na moja. Ni mara mbili, tena kwa shilingi ya leo ambayo mfuko wa saruji mnaujua wenyewe bei yake. Niliahidiwa mara tano kwa miaka miwili. Faida yangu ya kweli ni kodi ya Sinza ambayo sijailipa tangu 2019.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu wa Mbagala na wote mnaofikiria huku. Mimi naona bei za huku zitaendelea kupanda, na nasema hivyo bila wasiwasi kwa sehemu za karibu na lami kuanzia Mapinga hadi Kiromo. Sensa ya 2022 Dar ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, hao wanatafuta pa kulala, Tegeta na Bunju wameshajaa, na njia ya mabasi ya mwendokasi awamu ya nne inajengwa kuelekea Tegeta, kwa hiyo mtu wa mshahara wa kawaida anasukumwa huku taratibu. Taratibu, jamani. Kilomita nne tano ndani ya pori ambako hakuna nguzo wala mtu, huko utasubiri sana, na siku ukiumwa hutapata wa kukununulia. Usiweke hela ambayo utaihitaji. Hela ya ada, hela ya mama, hela ya mtaji, usiipeleke porini, mimi nimefanya na nimeona.

Na nyumba zilizokwisha kujengwa nazo ni habari nyingine. Mtu anajenga kwa milioni sitini anataka auze tisini, anakaa nayo miaka, kwa sababu wenye hela yote mkononi ni wachache na mkopo wa nyumba benki riba imekuwa ikitajwa kati ya asilimia 15 na 19, nani anaweza? Wengi wetu tunajenga tofali kwa tofali. Kwa hiyo kama unapenda nyumba iliyokwisha, bishana bei bila aibu, mwenye nyumba huku ndiye mwenye haraka kuliko wewe. Nimeona jirani ameshusha mara tatu.

Uliza shamba ni la nani. Sio nani anauza, ni la nani, na kama ni la marehemu omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi, na kama ni la mume na mke basi mke aje akae hapo asaini, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda kwenye nyumba ya familia na Mungu pia anamuona. Nenda idara ya ardhi ya wilaya uhakikishe eneo halijatengwa kwa mradi, maana huku Bagamoyo kuna ardhi iliyotengwa kwa ajili ya eneo la uchumi na ukijenga humo unajitafutia machozi. Karibu na bahari kumbuka sheria ya mazingira haitaki ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, dalali hatakuambia. Mpima aje kabla ya hela, asije baada. Mpaka wa mti usikubali, hata wakisema mti huo una miaka mia.

Halafu nenda usiku. Hili nalirudia kila ninapoulizwa na watu wanaona kama utani. Mchana kila mahali pana watu, mafundi, madalali, wafyekaji, wanunuzi wenzako, unaona pamechangamka. Saa mbili usiku wameondoka wote wamebaki wanaoishi. Simama katikati ya hicho kiwanja, zima tochi, zunguka taratibu, hesabu. Kila taa ni mtu ambaye ameamua kulala hapo na watoto wake, na huyo ndiye atakayeleta duka, bodaboda, nguzo, na ndiye atakayekuletea mnunuzi. Kwangu juzi nimehesabu hamsini na mbili, na sikuweza kuona za nyuma ya mnara.

Mdogo wangu amenijibu jana usiku. Wameenda yeye na mume wake, wamehesabu taa nne, mbili ni za walinzi. Anasema dalali alikasirika sana walipomwambia wanataka kuja saa mbili, akawaambia usiku huku kuna nyoka. Jumatatu wanaenda ardhi na jina la mwenye shamba, hela bado wanayo wao, na mimi nimewaambia Jumamosi wapitie kwangu, kuna mwalimu hapa mtaa wa pili anauza kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, kiko na bikoni.