Kambi ya kiangazi kwa mtoto wa miaka 9

Dada, hofu yako naielewa: mwanao hajawahi kulala nje ya kwenu, na kambi ya likizo ya watoto huko Minnesota, Marekani, ni wiki mbili nzima. Mpeleke, ila mwandae. Kwanza alale kwa binamu zake siku mbili tatu. Usimwahidi kamwe “ukilia nitakuja kukuchukua”. Atakaa akisubiri gari badala ya kucheza. Mwandikie barua, maana kambi nyingi haziruhusu simu. Kulia usiku wa kwanza ni kawaida. Wenzake wa chumbani na walezi ndio watakaomzoesha, si wewe (pole!). Kama ana pumu, dawa akabidhiwe nesi wa kambi. Asipokula wala kulala kwa siku kadhaa, mchukue, umpeleke kwa daktari wa watoto.