Nikicheka mkojo unanitoka. Je, kicheko kinashusha presha?

SWALI: Mwanangu daktari, nina miaka 58, naishi Muleba. Huu ni mwaka wa nne nina presha, na kila asubuhi nameza enalapril. Binti yangu aliyeko Mwanza hunitumia video za vichekesho kila siku, anasema kucheka robo saa kunashusha presha na ninaweza kupumzika vidonge. Ni kweli? Mama yangu mzazi alikuwa akitusimulia ugonjwa wa kucheka wa Kashasha, huku kwetu Kagera, kwa hiyo najiuliza pia kama kicheko kikizidi hakidhuru. Halafu, samahani kwa hili, nikicheka sana mkojo unanichuruzika. Siku hizi hata kwenye mikutano ya kikoba chetu cha akiba siendi.

JIBU: Shikamoo mama. Vidonge usiviache. Presha haina kelele: mtu anaweza kutembea nayo ikiwa 180 kwa 110 akajiona mzima, kwa hiyo kujisikia vizuri baada ya kucheka si kipimo.

Binti yako hajakosea kwamba kicheko kinafanya kazi mwilini. Ukicheka cha kuvunja mbavu, pumzi hutoka vipande vipande, karibu vitano kila sekunde, misuli ya tumbo na kifua ikikazana. Wakati huo moyo huenda mbio na presha hupanda kidogo. (Ndiyo maana nesi hukukataza kuongea na kucheka unapopimwa.) Kicheko kikiisha misuli hulegea na presha hurudi chini. Tatizo ni kwamba utulivu huo haukai, na dawa yako inatakiwa kufanya kazi usiku na mchana.

Faida iliyonivutia zaidi ni kwenye maumivu. Mwaka 2012 mtafiti Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walitiwa maumivu kidogo, wengine kwa kubanwa mkono na mpira uleule wa kupimia presha, ili waone wangevumilia kiasi gani. Waliotoka kucheka pamoja walivumilia zaidi kuliko waliotazama filamu isiyochekesha. Maelezo yao ni kwamba kicheko huuamsha ubongo utoe endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe.

Neno la kushika hapo ni "pamoja". Mtafiti mwingine, Robert Provine wa Marekani, alikuta kwamba mtu hucheka mara kama 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake bila redio wala televisheni. Tena sehemu kubwa ya vicheko alivyosikiliza havikufuata kichekesho chochote, bali maneno ya kawaida tu, kama "haya, tutaonana". Kwa hiyo video za binti yako ni nzuri, lakini kikoba ulichokiacha kilikuwa na dawa zaidi.

Kashasha ni kisa kingine. Kilianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya bweni ya wasichana. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na shule ikafungwa mwezi Machi. Hawakuwa wakifurahi wale. Walicheka na kulia kwa zamu, wengine wakihangaika siku kadhaa. Madaktari hawakupata sumu wala vijidudu vya kueleza hali ile, wakaona ni msongo wa mawazo ulioambukizana. Kicheko chako si cha aina hiyo. Mwenye pumu tu ndiye ningemwambia aweke dawa yake ya kuvuta karibu, maana kicheko kikali kinaweza kumwamshia kikohozi.

Sasa hilo uliloliombea samahani. Kwangu ndilo swali lenyewe, na wanawake wengi waliozaa wanalo, wanalinyamazia tu. Chini ya kibofu kuna misuli iliyotandazwa kama machela kutoka mbele hadi nyuma ya nyonga. Uzazi na umri huilegeza. Ukicheka, tumbo linakisukuma kibofu kwa ghafla, na machela iliyolegea inashindwa kuzuia.

Misuli hiyo hufundishika. Jibane kama unavyozuia upepo usitoke ukiwa umekaa mbele ya wakwe, kisha bana na njia ya mkojo pamoja nayo. Usibane matako wala mapaja, na usizuie pumzi. Hesabu hadi tano, achia, pumzika muda uleule. Baadaye panda hadi kumi. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mtu aliyekaa kando yako hatajua. Usijizoeshe kukata mkojo katikati kama mazoezi. Matokeo huhitaji miezi mitatu hivi, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu, kwa hiyo nakuonya mapema. Wakati huohuo jifunze kujibana kabla tu ya kukohoa, kuinua ndoo, au ukiona shoga yako anakaribia mwisho wa kisa chake.

Maji usipunguze. Mkojo ukiwa mzito hukiudhi kibofu, nacho hukutuma chooni zaidi.

Jambo moja sikukusikia ukilisema: je, una kikohozi kikavu kisichoisha? Enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hiyo, na kila kikohozi ni pigo lingine kwa machela ile. Kama unacho, usijiachishe dawa. Mwambie daktari wako wa kliniki, akubadilishie, kwani zipo dawa za presha zisizo na kikohozi hicho.

Jumamosi nenda kikobani. Vaa pedi kama bado huna uhakika, keti karibu na mlango ukipenda. Lakini ukiona damu kwenye mkojo, ukisikia maumivu au kuungua, au mkojo ukivuja mchana na usiku bila hata kucheka, usisubiri miezi mitatu ya mazoezi. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.