Wadogo zangu, leseni haisomwi siku ya kukabidhi kazi

Juzi nimeletewa tena mradi niukague kabla haujatoka. Faili la LICENSE linasema MIT, leseni huria isiyodai mengi, na mteja ameahidiwa kwamba msimbo utabaki wake. Nikashuka kwenye tegemezi (maktaba za watu wengine ambazo mradi unazitegemea), nikakuta readline, maktaba ya kuhariri mistari ya amri, imeunganishwa ndani, nayo ni GPL, leseni inayotaka programu nzima unayoisambaza nayo itolewe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Kumuuliza kijana, akanijibu, "Kaka, si zote ni huria?" Nikamwelekeza kwenye libedit, maktaba ya kazi hiyohiyo ambayo ni BSD, leseni nyepesi kama MIT, nikaja kuandika haya ili nisiyarudie kwa kila mmoja wenu.

1. Kuwa huria si kuchanganyika. Leseni mbili njema, kila moja peke yake, zinaweza kugombana zikikutana ndani ya programu moja. MIT na BSD ya vifungu vitatu hukaa na karibu kila mtu. Apache 2.0 inakaa na GPLv3 lakini haikai na GPLv2 tupu (toleo la 2 pekee): Apache ina masharti yake ya hataza, na GPLv2 haikubali kuongezewa masharti. Hapo ndipo maneno "au la baadaye" yanapookoa watu. Mwandishi akiwa ameandika "toleo la 2 au la baadaye", unahamia la 3 na maisha yanaendelea. Kama hakuandika, umekwama. Kwa hiyo mtu akiniletea jedwali la vipengele lenye "GPL" peke yake namrudishia hapohapo. Andika GPL-2.0-only au GPL-2.0-or-later, vifupisho vya SPDX, orodha sanifu ya majina ya leseni, vipo kwa kazi hiyo.

2. Soma leseni ya kile kilichokompailiwa (kilichogeuzwa kutoka msimbo kuwa faili la kuendeshwa), si ya ukurasa wa mradi. Hapa ndipo nilipoungua. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kuhariri video, msimbo uliofungwa. Nilijua FFmpeg, kifurushi cha kuchakata video na sauti, ni LGPL, ndugu mpole wa GPL anayekubali kuunganishwa na msimbo uliofungwa, toleo la 2.1 au la baadaye, nikaandika hivyo kwenye jedwali na nikasaini kwa mbwembwe. Nisichosema ni kwamba kukompaili mwenyewe nilikuwa nimeona uvivu, nikapakua faili zilizokompailiwa na mtu nisiyemjua. Siku ya kikao, mwanasheria wa mteja, mama mmoja mpole ambaye sidhani kama amewahi kuandika hata mstari wa msimbo, akaniomba nifungue terminali niandike `ffmpeg -L`, amri inayoonyesha leseni. Niliandika huku natabasamu. Jibu likatoka: toleo hili lina sehemu zisizo huria, kwa hiyo haliruhusiwi kusambazwa kisheria. Akaniomba nisome na mstari wa `configuration`, unaoorodhesha swichi zilizotumika kukompaili. Nikausoma kwa sauti, na kila nilivyosogea sauti ikapungua: `--enable-gpl`, `--enable-libx264`, `--enable-nonfree`, `--enable-libfdk-aac`. Swichi ya kwanza inaigeuza FFmpeg yote kuwa GPL. Ya nonfree, kwa mchanganyiko ule, inaifanya isisambazwe na mtu yeyote, hata huyo aliyeniwekea faili mtandaoni. Nikajaribu kujitetea kwamba tunaiita kama programu ya pembeni. Haikuwa kweli, tulikuwa tumeiunganisha ndani kabisa, na mwenzangu aliyeiunganisha alikuwa ameketi pale anatazama meza. Bosi hakunigombeza. Heri angenigombeza. Toleo likasimama, nikakompaili upya bila swichi hizo, H.264, mfumo wa kubana video ambao libx264 ilikuwa inaushughulikia, nikaiachia OpenH264, maktaba ya BSD, nikaandika jedwali lote tena, safari hii nikiangalia faili baada ya faili.

3. LGPL: unganisha kama maktaba ya pamoja (faili la pembeni linaloitwa programu inapoendeshwa), mtumiaji aweze kuweka toleo lake, na mkataba wako usimkataze kuichunguza kwa ajili hiyo.

4. Kontena (kifurushi kinachobeba programu na kila inachohitaji) haifuti leseni. Programu mbili zinazojitegemea zikikaa ndani ya kontena moja, hakuna ugomvi wa kuchanganyika. Ila ukisambaza kontena hiyo, msimbo chanzo wa sehemu za GPL bado unadaiwa wewe. Mpaka wenyewe si mstari ulionyooka, msidanganyane. Mwaka 2016 Ubuntu 16.04 ilipotoka na moduli ya ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili), iliyo chini ya CDDL, leseni huria nyingine, pamoja na kerneli (kiini) ya Linux, iliyo GPLv2, Canonical, wenye Ubuntu, walisema hakuna tatizo na Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, wakasema ni ukiukaji. Pande zote mbili zilikuwa na wanasheria. Sasa wewe unaniambia "nimesoma mahali ni sawa"!

5. Angalieni na tarehe ya ushauri. OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) ya zamani ilikuwa na kifungu cha matangazo, kinachodai itajwe kwenye matangazo yako, kisichoelewana na GPL, ndiyo maana miradi ya GPL kama Wget, programu ya kupakua faili, iliongeza ruhusa maalumu. Tangu toleo la 3.0, mwaka 2021, ni Apache 2.0, kwa hiyo rudi namba 1 uanze hesabu upya.

6. AGPL, yaani GPL yenye sharti la mtandao, inakufuata hadi kwenye seva: ukiibadilisha na watu wakaitumia kupitia mtandao, wana haki ya msimbo wako uliobadilisha.

7. Repo (hazina ya msimbo mtandaoni) isiyo na leseni yoyote si ya bure. Hakimiliki yote ni ya mwenyewe, hata kama ameiweka hadharani na ina nyota elfu. Usinakili ukijifariji kwamba "hatajua". Mwandikie mistari miwili umwombe aweke leseni. Wengi walisahau tu, na wanaiweka kabla hujamaliza kutafuta mbadala.