Maswali ya Wasomaji: Rangi Zinazofifia

SWALI: Mhariri, mimi hupiga picha za milango ya nakshi hapa Mji wa Kale, lakini rangi hutoka zimefifia, ilhali picha za Iceland huwa zimekolea. Je, ninunue kamera ghali zaidi? (Msomaji, Kibokoni, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue, tatizo ni saa unayotoka. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, ambapo jua hupanda karibu wima, kwa hiyo mwanga laini wa dhahabu hupita upesi baada ya macheo, wakati ambapo Iceland, nchi ya kaskazini ya mbali, mwezi wa Juni, jua huambaa karibu na upeo wa macho kwa saa nyingi, na mpiga picha hupata nafasi ya kukosea na kurudia. Uwe umeshasimama mahali pako ifikapo saa 12 asubuhi. Mwanga unaoujia mlango kutoka ubavuni hudhihirisha kila ua lililochongwa, hata vumbi lililolala ndani ya nakshi. Jua la mchana hulifuta lote hilo. Punguza kidogo mwanga unaoingia kwenye lenzi, rangi zitakolea. Na wazee walioketi barazani, tafadhali, waamkie na uwaombe ruhusa kwanza.