Nimelia mbele ya kinyago, Shangazi, nimekosea?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni dada wa miaka 34, naishi Tabata, nimeokoka, mtoto wa kwanza kwa mama. Mwezi uliopita rafiki yangu wa kazini alinivuta twende kwenye maonyesho ya sanaa za dini huko Upanga, nikaenda tu kumsindikiza maana kwetu kanisani hata picha ukutani hatuna. Tukazunguka, mi niko na simu yangu, mara nikakuta kinyago cha mpingo, kidogo tu, mama kakaa chini kampakata mwanae mtu mzima amekufa. Bikira Maria na Yesu. Mkono mmoja kaupitisha chini ya kichwa cha mwanae kama anaogopa kisigonge chini. Shangazi nililia mpaka mlinzi akaniletea kiti. Mdogo wangu alifariki miaka miwili iliyopita, ajali ya bodaboda, na mama alipofika mochwari kitu cha kwanza alifanya hivyohivyo, akaweka mkono chini ya kichwa. Mi siku ile sikulia, hata msibani sikulia. Sasa dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema nimeabudu sanamu, nitubu. Na mi natamani mama akione. Nifanyeje?
Dada Mkubwa, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nianze na hilo la kuabudu maana naona linakunyima usingizi. Kuabudu ni kukisujudia kitu, kukiomba, kukipa nafasi ya Mungu. We pale uliomba nini? Ulimkumbuka mdogo wako basi. Katazo la kuchonga sanamu na kuziabudu, Kutoka 20, lipo na silipunguzi, ila nenda mbele kidogo sura ya 25 humohumo, Mungu anamwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Wakristo wamebishana hili miaka mingi sana, mwaka 787 maaskofu walikutana Nikea wakasema heshima inayopewa picha inaenda kwa yule aliyechorwa na ibada ni ya Mungu peke yake, wapo wasiokubali mpaka leo. Mi ni Mkatoliki, sitakwambia uache ya kwenu. Kaongee na mchungaji wako, usiishie kwa huyo dada.

Sasa kinyago chenyewe. Hiyo picha ya Maria kampakata mwanae haimo kwenye Injili, jambo ambalo mi nilipolijua lilinikaa moyoni muda mrefu. Fungua Yohana 19, utamkuta mama amesimama karibu na msalaba, halafu Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo wanauchukua mwili wanauzika. Hapo katikati kimya. Ni wachongaji wa huko Ujerumani, kwenye miaka ya 1300 hivi, ndo walianza kuichonga kwa mbao watu wakae nayo wasali, Michelangelo, yule mchongaji maarufu wa Italia, alikuja kuichonga kwa marumaru kule Roma baadaye kabisa, 1498 mpaka 1499. Yani Injili iliponyamaza watu wakapajaza wenyewe kwa sababu walishawaona akina mama wakifiwa, na mama yako mochwari hakuna aliyemfundisha, na fundi wako wa mpingo naye aliujua mkono ule unapita wapi. Mwanangu ulichokiona pale ni mama yako, tena umemuona akiwa na Maria pembeni yake. Mi siwezi kukwambia utubu kwa hilo.

Na hivi msibani daftari la michango alishika nani? Turubai, viti, jeneza, gari, nani alikuwa anapigiwa simu saa nane usiku? Nawajua watoto wa kwanza, watu wanakusifia jasiri, jasiri, kumbe huna hata dakika tano za kukaa chini ukalia kama wenzio, halafu turubai linakunjwa, watu wanarudi makwao, we umebaki na kilio chako kizima. Miaka miwili umekibeba. Ukisikia kinarudi tena kiache kitoke, hata kwenye daladala, na kama kinakuzidi usingizi na chakula vikagoma nenda hospitali ukaonane na mshauri, si aibu.

Kuhusu mama, usimpeleke kwa kumshtukiza jamani. Mkalishe nyumbani umweleze kwanza ulichokiona na kwamba ulilia, maana huenda hajui kama siku ile mochwari ulimuona alivyoweka mkono. Hayo mazungumzo naona yanahitajika kuliko hata kinyago. Akitaka kwenda mpeleke, na kama maonyesho yameshafungwa, pale kanisa la Mtakatifu Yosefu, barabara ya Sokoine inayotazama bandari, au parokia yoyote ya Katoliki iliyo karibu nanyi, kuna Njia ya Msalaba ukutani, yani picha au sanamu za mateso ya Yesu mpaka kaburini, vituo 14, na cha 13 ndo hicho, mwili unateremshwa msalabani. Nendeni mchana siku ya kazi kunakuwa na utulivu, mkae benchi la pembeni, si lazima mseme kitu, na akisema baada ya dakika mbili twende basi mtoke naye mkatafute chai.